Mji Usiougua

Sikio halikujengwa. Lilikutwa limekwisha kuwapo, na watu wa mji wakabaki kubishana nani kati yao alilizoea kwanza. Wengine walisema lilikuja Alhamisi, na hilo halikusaidia kitu, maana katika mji ule Alhamisi zilikuwa nyingi, zikifuatana tatu au nne bila Ijumaa kuingia kati, kisha ghafla inatokea Jumanne ya mwaka uliokwisha pita na watu wanafua tena nguo walizokwisha kuzifua. Linalojulikana ni kwamba Baraza la Uzima, ambalo makao yake yaliitwa Juu, lilitangaza kuwa tangu sasa kila neno litakaloandikwa au kusemwa kwenye simu litasikilizwa, kwa hisani tu, ili ugonjwa ukizaliwa popote duniani usikike ukilia kabla haujasimama dede. Nani angekataa hisani ya namna hiyo? Watu walisema ahsante wakarudi kwenye shughuli zao. Ile ahsante nayo ikasikilizwa.

Ziko namna mbili za kusikilizwa. Ya kwanza ni ile ya mtu kukaa mbele yako, kukunja uso pale unapokunja, na kukuambia pole hata kama hana la kukusaidia. Ya pili ni ile ya mwindaji aliyejibanza nyuma ya kichaka, ambaye anajua unavyopumua kuliko unavyojua mwenyewe. Kwa nje zinafanana, zote mbili ni kimya upande mmoja na maneno upande wa pili. Je, mtu anayesikilizwa kwa namna ya pili yupo, au kilichopo ni zile pumzi zake tu? Swali hili lingeweza kuachwa kwa wenye nafasi ya kufikiri. Lakini lilimwangukia Mashavu, na Mashavu hakuwa mtu wa kuachia kitu kikamwangukia bure.

Mashavu alikuwa mjane wa makamo, mkazi wa Mwinuko, upande wa juu wa mto. Ng'ambo walikaa watu wa Bondeni. Watu wa Mwinuko na wa Bondeni walikuwa watani tangu babu zao walipopigana vita ambayo hakuna anayekumbuka nani alishinda. Na mtani ana kazi yake msibani. Wengine wanapolia, yeye huingia akamtukana maiti, akalala juu ya jeneza, akadai kwamba marehemu hajafa bali anakwepa zamu ya kupalilia. Asipofanya hivyo, msiba unakuwa mzito mno kubebeka. Katika kazi hiyo Mashavu hakuwa na mpinzani. Wafiwa wa Bondeni walikuwa hawazimi moto wa matanga mpaka afike awachekeshe, na ulimi wake waliuogopa na kuutamani kwa pamoja.

Basi akafa Bibi Nyamizi wa Bondeni, mzee wa miaka tisini na ushei, kafa kwa uzee wake usingizini, hana deni na mtu. Siku hiyo mto ulikuwa umejaa, daraja linatetemeka, Mashavu hakuweza kuvuka. Akaona si vizuri wafiwa walale bila mtani. Akachukua simu, akaingia kwenye kundi la msiba la watu wa Bondeni, akaandika:

"Poleni walafi wa Bondeni. Bibi huyu hakufa kwa uzee, msinidanganye. Kajiua kwa homa ya uchoyo, na homa hiyo inaambukiza! Aliyemwosha naye keshokutwa anamfuata, na aliyekunywa maji ya mtungi wake asihangaike kushona nguo ya sikukuu. Zahanati yenu ilimpa vidonge akavitafuna vyote kama njugu, hakuwabakizia hata wajukuu. Fungeni njia, msije mkatuletea uvundo huku Mwinuko!"

Bondeni nzima ilicheka hadi ikalia, ndivyo inavyotakiwa. Mrisho, mjukuu wa marehemu, ambaye pia alikuwa mkwewe Mashavu, alijibu pale pale: "Mtani, siku ukifa wewe tutakuzika ulimi nje, maana kaburini hautaenea." Watu wakacheka tena. Msiba ukawa mwepesi, wakapika, wakala.

Huko Juu hakuna aliyecheka. Sikio liliyageuza maneno yale, likayapima, lisiweze kuamua kama ni habari ya ugonjwa au ni uvumi. Kwa kuwa lilikuwa Sikio la wenye hekima, likaamua yote mawili: njia ifungwe kwa sababu huenda ni kweli, na simu zizimwe kwa sababu huenda ni uongo. Kabla ya alasiri kamba nyekundu ilikuwa imekwisha vutwa darajani na askari kasimama. Zahanati ya Bondeni ikafungwa ipate kukaguliwa, na simu zote za upande ule zikawa vioo vya kujitazamia. Ilikuwa iwe siku saba, na ndani ya siku hizo saba mlikuwa na Alhamisi nne.

Na Bondeni alikuwako Riziki, binti mkubwa wa Mashavu, mke wa Mrisho, mimba yake ya kwanza iko mwezi wa tisa.

Kamba ilipofunguliwa na simu zikarudishiwa uhai, simu ya Mashavu ililia mara tatu mfululizo. Alikuwa anachambua mchele, ungo mapajani. Ujumbe wa kwanza ulikuwa wa sauti: "Mama, uchungu umeanza, tunakuja huko." Wa pili: "Mama, wametukatalia darajani. Zahanati kuna kufuli. Nipigie." Wa tatu haukuwa na neno, ilikuwa ni sauti ya Mrisho anapumua kama mtu anayepanda mlima, kwa muda mrefu, kisha basi. Maneno hayo yalikuwa na umri wa siku tano. Riziki alikuwa na siku ya nne ardhini, yeye na mtoto wake, kaburi moja. Alizikwa na watu waliokuwa wakilia tu, kwa kuwa mtani aliyestahili kuja kumtukana maiti ndiye mama yake, na alikuwa ng'ambo ya kamba akichambua mchele.

Mashavu hakulia. Alimalizia kuchambua ule mchele, punje kwa punje, kisha akaumwaga wote uani.

*

Alikwenda kwenye Jumba la Sikio. Alitembea siku moja au mwaka mmoja, hakukumbuka. Jumba lilikuwa jeupe, lina madirisha mengi na nyuma ya kila dirisha hapana mtu, isipokuwa kibao kilichoandikwa "Maoni yako ni muhimu kwetu". Aligonga dirisha la kwanza, la tisa, la arobaini. Mwishowe akaingia ukumbini, na huko akaona jambo ambalo hajapata kumsimulia mtu akaaminiwa. Katika jumba lile majalada hayakuwekwa kabatini. Yaliketi kwenye mabenchi, kila jalada na umbo la mwenyewe, wanaume kwa wanawake, kimya, mikono magotini, wakingoja kufunguliwa.

Akamwona Mashavu kaketi benchi la tatu.

Alikuwa yeye, mwanya ule ule, kovu lile lile la kidevuni. Tofauti ni kwamba yule alikuwa amenona. Alikuwa ameumbwa kwa maneno aliyoyasema kwenye simu na si kitu kingine, na maneno hayapungui mwili.

"We nani?" Mashavu alimwuliza.

"Aliyemwosha naye keshokutwa anamfuata," yule akajibu kwa upole.

"Nakuuliza, unajua ulichofanya? Mwanangu kafa."

"Fungeni njia," yule akasema. "Msije mkatuletea uvundo."

Mashavu alimzaba kibao, na kibao kikamwuma yeye mwenyewe shavuni. Hapo akaelewa kitu ambacho wasomi hukizunguka kwa vitabu vingi: kwamba wako wawili, na yule anayetiiwa si huyu mwenye damu. Huyu aligonga madirisha arobaini na hakuna aliyemgeukia. Yule aliketi tu, akasema fungeni, na njia ikafungwa. Juu ya paji la uso la jalada kulikuwa na muhuri mwekundu, na chini ya muhuri, kwa mwandiko mzuri wa mtu aliyefundishwa na masista, palisomeka: Imesikilizwa na kuthibitishwa na Msikilizaji Eliwaza.

Eliwaza. Jina la mtu, basi. Ana mama. Anakula wali. Anapiga mswaki asubuhi. Nilidhani ni chuma, nilidhani ni upepo, na chuma huwezi kukilipiza, upepo nao utaupiga wapi? Lakini mtu, mtu nitamweza. Sitamgusa. Sitamrushia hata tusi. Nitampandisha. Nitampandisha juu, juu, mpaka siku ya kuanguka kwake asikike na viziwi. Riziki, mwanangu, lala. Mama yako amepata jina.

Alirudi nyumbani na jina hilo mdomoni, akilinyonya taratibu.

*

Katika mji ule, kama kwa waungwana wote, salamu ina mlango wa mbele na ua wa nyuma. Ukiulizwa hujambo unajibu sijambo, hata kama unatoka kuzika. Ukiulizwa habari unajibu njema, adabu ndiyo inavyotaka. Kisha mkiisha keti unasema "ila", na hapo ndipo habari yenyewe inapotoka: ila mtoto anaharisha, ila paa limeezuliwa, ila baba hatunaye. Mgeni asiyejua kungoja ila ataondoka akidhani amepita peponi.

Siku ya arobaini ya Riziki walikusanyika watu wa pande zote mbili. Mashavu alitandika khanga ya marehemu katikati ya ua, akasimama. Hawakupata kumwona amesimama msibani bila kufanya mzaha, na wengi walitazama chini.

"Wametusikiliza," alisema. "Haya. Sasa watasikia. Tangu leo, mtu akiwauliza hali, kwa simu au kwa mdomo, sokoni au chumbani, jibuni sijambo. Mkisha sema sijambo, nyamazeni. Ila tunaikata. Homa haina jina, kuhara hakuna jina, jeraha halina jina. Wanataka kujua tunaumwa nini ili watufungie. Hawatajua hata kama jino linatuuma."

"Mama," Mrisho alisema. Alikuwa amekonda, ndevu zimemwota ovyo. "Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua."

"Kimuumbue aliyeko Juu. Sisi kimekwisha tuumbua, au wewe umesahau?"

Wa kwanza kuweka mkono juu ya khanga alikuwa Sikudhani, binti mdogo wa Mashavu, aliyebaki peke yake sasa. Alikuwa msichana mpole, mshonaji, aliyezoea kumwachia dada yake maneno yote. Alisema, "Naapa kwa dada yangu, ugonjwa hautatoka mdomoni mwangu mpaka naingia kaburini." Alisema kwa sauti ndogo lakini wote walisikia, na mama yake alijivunia. Mmoja mmoja wakamfuata. Hasira zilikuwa za kila mtu, Mashavu alikuwa amezipa tu mahali pa kukaa.

Basi Sikio likaanza kula sijambo. Asubuhi sijambo, mchana sijambo, jioni hatujambo sote. Kwenye ramani iliyotundikwa Juu, ambako miji iliyougua ilikuwa myekundu na iliyotiliwa shaka ilikuwa ya manjano, mji huu uligeuka kijani, kisha kijani kibichi, kisha rangi ambayo ilibidi itafutiwe jina. Wajumbe walikuja na bango lililoandikwa MJI USIOUGUA, wakalitundika darajani pale pale palipokuwa na kamba. Msikilizaji Eliwaza akapandishwa cheo kwa kuwa masikio yake ndiyo yaliyougundua mji huo. Akapandishwa tena. Kisha, kwa akili ambayo wenye akili peke yao ndio wanayo, Baraza likaamua kwamba mji mzima wa afya hauhitaji dawa, likazihamisha kutoka zahanati zote mbili kwenda kwa wenye shida. Watu walisimama kando ya barabara wakatazama makasha yakipakiwa. Mpakiaji mmoja aliuliza hali zenu, wakamwambia njema.

Siku hiyo Mashavu alicheka kwa mara ya kwanza tangu yale mauti. Alicheka peke yake jikoni, mwiko mkononi, na kicheko hicho hakikumfurahisha mtu yeyote katika nyumba.

*

Homa ilikuja ya kweli. Ilikuja kama vile ilikuwa inangoja zahanati zibaki bila dawa. Macho yanakuwa mekundu, jasho linatoka la kulowesha godoro, siku ya kumi mtu anaanza kuwaita watu waliokufa, na siku ya kumi na mbili wanamwitikia. Ilianzia Bondeni. Watu walizika asubuhi na mapema, wakarudi, wakasalimiana. Hujambo? Sijambo. Habari za huko? Njema. Majirani walitazamana machoni wakapitana.

Na hapa sina haja ya kumsitiri mtu. Mashavu alijua, na alifurahi. Kila alipoona udongo mpya ng'ambo ya mto alimwona Eliwaza amepanda ngazi moja zaidi. Alijiambia kwamba wafu hawa si wake, ni wa Sikio, yeye anamwandalia tu mwenye nao. Kisasi kina ujanja huo: humfanya mtu awe mkarimu wa roho za wenzake.

Mrisho alivuka daraja akaja kwake. Hakuketi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo." Kisha akaongeza: "Nimekuja kuomba unifungue kiapo. Watoto wa dada yangu, wote wawili. Wewe ndiye uliyetuapisha, ukisema basi, watu watasema. Watu wanakungoja wewe."

"Nikisema basi, Eliwaza atapona."

"Mama, mimi simjui Eliwaza."

"Utamjuaje? Siku zile saba ulikuwa wapi wewe? Mwanamume mzima unashindwa kuruka kamba!"

"Nilikuwa nimemshika mkono," alisema. "Alisema nisimwache. Ndiyo maana sikuruka kamba."

Aliondoka. Mashavu alibaki na maneno yale kifuani, akayakohoa, hayakutoka. Lakini hakusema basi. Mtu akichimba kisima kwa muda mrefu hufika mahali ambapo kupanda juu ni mbali kuliko kuendelea kuchimba, na wahenga hawakukosea walipomwambia mchimba kisima ataingia mwenyewe.

Alhamisi moja, au ile ile, alikuta godoro la Sikudhani limeanikwa juani. Kesho yake limeanikwa tena. Siku ya tatu alipitisha mkono juu yake, akakuta limelowa mpaka ndani kwenye pamba. Alikwenda chumbani. Sikudhani alikuwa kwenye cherehani, anashona, kitambaa kichwani kimeshushwa hadi karibu na nyusi.

"Hujambo, mwanangu?"

"Sijambo, mama."

Mashavu alingoja. Cherehani iliendelea.

"Sikudhani. Nakuuliza mimi mama yako."

"Sijambo," binti alisema, na akainua macho, na macho yalikuwa mekundu kama pilipili. Alikuwa anatabasamu. "Bado kidogo tu, mama. Atajua."

Mungu wangu. Si huyu. Nilisema mtu, sikusema huyu. Nani kamfundisha hivi? Toka, we homa, toka uende ng'ambo. Siku ya ngapi leo? Siku ya tatu? Ya nne? Dawa ziko wapi, makasha yale yalikwenda wapi, nilisimama nikayatazama. Niliyatazama. Nilikuwa nacheka.

*

Saa nne asubuhi mtu alibisha hodi. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, viatu vimejaa vumbi, begi kubwa begani. Alitembea kwa miguu kutoka Juu, peke yake, bila kutumwa.

"Shikamoo, mama. Naitwa Eliwaza."

Mashavu alikuwa amemwandaa mtu huyu kichwani kwa miaka au kwa siku chache, akampa pembe, akampa jicho moja. Huyu alikuwa na chunusi kidevuni na amechoka.

"Marahaba," alisema. "Karibu."

Eliwaza aliketi kwenye kibao pale uani, akashika magoti yake. Alisema haraka, kama mtu aliyeyarudia maneno njia nzima. "Mimi ndiye niliyeweka ule muhuri. Sikujua utani. Kwetu hakuna. Nilipokuja kujua mwanao alikufa, niliomba nifukuzwe, wakanipandisha cheo. Nimeandika mwongozo mzima, mama, kwamba maneno ya watani yasihesabiwe. Sasa unafuatwa kote. Lakini huu mji wenu unanitia hofu. Watu elfu nane, na hakuna hata mmoja anayelalamika jino! Hakuna mji hivyo. Nimechukua dawa kwenye ghala bila ruhusa. Niambie tu ukweli, kuna mgonjwa hapa?"

Hili ndilo lilikuwa lile alilolingoja. Neno moja, hakuna, na huyu msichana angerudi na begi lake, na siku miili itakapohesabiwa jina lake lingekuwa chini ya kila sijambo. Mashavu alilisikia neno hilo likimpanda ulimini, tamu. Alimtazama mwanamke yule aliyemuua Riziki. Alimchukia kwa moyo wake wote, wala vumbi la viatu vyake halikuipunguza chuki hiyo hata kidogo.

Kabla hajafungua kinywa, mlango wa chumba ulifunguliwa. Sikudhani alitoka. Alikuwa ameoga, amejifunga khanga mpya, amejitia wanja kuficha wekundu wa macho. Alitembea wima, na Mashavu peke yake ndiye aliyejua gharama ya kila hatua.

"Karibu, mgeni," Sikudhani alisema, huku macho yake yakimsihi mama yake. "Hatujambo. Mgonjwa hakuna. Utakunywa chai?"

"Mwongo!" Mashavu alipiga ukelele. "Anakufa! Binti yangu anakufa, ana homa, Bondeni wanazikana kila siku, mji mzima unaoza! Fungua hilo begi!"

Eliwaza aliruka kwa hofu, kisha uso wake ukalegea. Akatabasamu, tabasamu la heshima, la mwanafunzi aliyefaulu somo gumu.

"Bi Mashavu," alisema, "safari hii sidanganyiki. Mtani haachi jadi. Nimesoma kila ulichowahi kusema." Akasimama, akatundika begi begani. "Nafurahi kwamba umeanza kutania tena. Nilidhani na utani wako nimeuua."

Mashavu hakuwa na neno lililobaki. Yote alikuwa amekwisha yatumia, na yule mnene wa kwenye benchi alikuwa ameketi juu yake. Akafanya ambalo Sikio halikupata kulifanya tangu lilipokuwapo. Alimkamata Eliwaza mkono, akamvuta kwa nguvu hadi mbele ya Sikudhani, akang'oa kile kitambaa, akaubandika ule mkono kwenye paji la uso wa mwanawe, akaukandamiza kwa mikono yake miwili.

Sikudhani alijaribu kujitoa. Mama yake hakuachia. Eliwaza alisimama kiganja kikimwungua, tabasamu likimtoka polepole, mpaka midomo ikaanza kumcheza. Begi lilianguka.

*

Dawa ilifanya kazi. Makasha yalirudishwa, safari hii na watu wenye mikono, wakaingia nyumba kwa nyumba wakigusa vipaji vya nyuso. Mpwa mmoja wa Mrisho alipona, wa pili hakuwahi. Eliwaza alitajwa huko Juu kuwa msikilizaji wa kwanza katika historia kusikia kimya, akapewa ngazi nyingine. Mashavu alipoambiwa hilo alitema mate chini.

Sikudhani alipoweza kusimama alikunja nguo zake na kufunga cherehani.

"Unakwenda wapi?"

"Bondeni. Kuna nyumba ya waliobaki na kiapo."

"Nilikuponya, mwanangu."

"Nakushukuru, mama." Alisema bila kejeli, na hiyo ndiyo iliyokata zaidi. "Dada alikuita hukuja. Mimi nilikuomba unyamaze, tena kwa macho, ukaniona, ukasema. Usiniulize tena ninavyojisikia. Mwulize Eliwaza, yeye ndiye uliyemwambia."

Mashavu humtembelea. Hupewa chai na kiti kizuri. Shikamoo, marahaba, hujambo, sijambo, habari njema. Baada ya hapo hakuna kitu, mwanamke mmoja mbele ya mwingine na vikombe viwili. Lakini mama ni mama. Ameanza kumwuliza mwenye duka binti yake hununua vidonge gani, na vingapi. Hupita mapema uani kutazama godoro kama limeanikwa. Huokota sindano za cherehani zilizovunjika jalalani, apate kujua mkono wake unatetemeka au la. Hayo yote huyaweka kichwani kwa mpangilio, kwa mapenzi, kwa hisani tu.

Alhamisi moja alijikuta yuko nyuma ya nyumba ile, shavu lake limebandikwa kwenye udongo wa ukuta. Ndani Sikudhani alikuwa anakohoa. Mashavu alizuia pumzi, akahesabu: saba, nane, tisa. Kikohozi kikakatika. Kisha binti akasema, kwa sauti ya kawaida, ya mtu aliyezoea kwamba hayuko peke yake:

"Hatujambo huku. Nenda nyumbani, mama."